Muvi iliyopondwa mpaka mwongozaji akanyang'anywa kazi

Wadau, siku hizi muvi mpya ikitoka tu, kabla hujakata tiketi ushaona watu washaiponda. Wala si mambo ya leo. Twendeni Marekani, Juni 1982.

Tarehe 11 ilitoka E.T. ya Steven Spielberg, yule kiumbe mpole kutoka anga za mbali, watu wakalia ukumbini. Wiki mbili baadaye, tarehe 25, John Carpenter akaachia The Thing. Kiumbe wake anavamia kambi ya Wamarekani kule Antaktika, anamla mtu halafu anajigeuza kuwa yeye. Hujui nani ni nani! Wahakiki wakaichana vibaya, eti inatia kinyaa, eti wahusika hawana uhai. Hata muziki wa Ennio Morricone ulipendekezwa kwenye tuzo za Razzie, zile za kudhihaki kazi mbovu.

Kinachoniuma mimi ni hiki: Carpenter alikuwa ashapewa Firestarter aiongoze, studio ikamnyang'anya. (Mauzo nayo yalikuwa hafifu, tuseme ukweli.)

Walioiokoa ni watu wa kanda za video, waliokaa nyumbani wakaitazama taratibu, wakairudia tena na tena. Leo inatajwa kati ya muvi bora za kutisha.

Na Morricone? 2016 alibeba Oscar ya muziki kwa The Hateful Eight. Ndani yake kuna vipande alivyotunga kwa ajili ya The Thing, vikaachwa kabatini.