Kaskazi, Kusi na Hesabu ya Kukaa Ughaibuni

Katika kitabu hiki cha maadhimisho tumeombwa kuandika historia, nasi tumechagua historia ya swali moja badala ya historia ya jengo. Swali lenyewe husikika kila siku barazani baada ya aarti ya jioni: katika nyakati hizi ngumu, je, bado yafaa mtu kukaa ughaibuni? Huulizwa na kuhani aliyekuja kutoka Gujarat kwa kibali cha kazi cha miaka miwili, ambaye hulipwa kwa shilingi ilhali watoto wake husomeshwa kwa rupia. Huulizwa na mhasibu kijana aliyeajiriwa kiwandani, na waashi waliokuja kuchonga nguzo zetu. Huulizwa na wazazi ambao mwana wao yuko Leicester au Toronto, na kodi ya nyumba inamla nusu ya mshahara. Majirani zetu wa hapa Mombasa ambao binti zao wamekwenda Riyadh na Doha kufanya kazi za nyumbani huuliza hayo hayo, pengine kwa uchungu zaidi kuliko sisi.

Kwa karne nyingi swali hili halikuwa na uzito, kwa kuwa upepo ulilijibu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Kutch na Kathiawar kati ya Desemba na Machi, kusi iliyarudisha. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wamekwisha tangulia. Hao walikuwa wageni wa msimu. Hata baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, na forodha ya kisiwa kukodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa mji wa Mundra, matajiri wa nyumba hiyo na wenzao walikaa Unguja bila wake zao. Kuvuka bahari, yale waliyoyaita maji meusi, kulihesabiwa kuwa kunamtia mtu unajisi, na aliyerudi alifanyiwa ibada ya utakaso kabla ya kula na ndugu zake. Mtu aliweza kukaa Unguja miaka ishirini, akajua Kiswahili cha sokoni na cha barazani, akakopesha masultani, na bado moyoni akawa hajatoka Mundra. Faida yake aliituma kwao kwa hundi, neno ambalo Kiswahili kimelichukua pamoja na duka, gari, bima na laki. Tazameni maneno hayo yalivyo: karibu yote ni ya mizigo na fedha. Lugha imetunza kumbukumbu ya kile tulichokuja nacho, na pia ya kile ambacho hatukukileta. Hata methali ya Baniani mbaya na kiatu chake, ambayo wengine wetu hukunja uso wakiisikia, ni shahada ya namna hiyo: jirani aliiona bidhaa yetu kabla ya kutuona sisi.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wa Gujarat hukumbuka Chhappaniyo, njaa ya mwaka wa Samvat 1956, yaani 1899 na 1900, ambapo mvua ilikosekana, ng'ombe wakafa malishoni na vijiji vikahamwa. Aliyepanda chombo kuja Mombasa baada ya mwaka ule hakuwa akipima kama ughaibuni kunafaa. Alikuwa akitafuta chakula. Wakati huo huo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika ziwani mwishoni mwa 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba ya miaka mitatu. Karibu 2,500 walikufa, na waliobaki nchini baada ya kazi hawakufika 7,000. Habari za simba wa Tsavo zimesimuliwa mno, nasi hatutazirudia. Tunalotaka likumbukwe ni kwamba wengi wa vibarua walipohesabu walichagua kurudi, na kwamba wengi wa wanachama wa hekalu hili si wazao wao. Wazee wetu walikuja kwa nauli zao wenyewe, kwa kuitwa na mjomba au shemeji mwenye duka, wakalala juu ya magunia nyuma ya duka hilo mpaka walipopata la kwao.

Kila Diwali tunafanya chopda pujan, ibada ya kubariki daftari za hesabu, na katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili: Shubh na Labh, heri na faida. Mpangilio huo una maana. Mwenye duka aliyeandika heri kabla ya faida alikuwa anakiri kwamba zipo hesabu mbili, na kwamba ya pili haitoshi peke yake. Katika miaka ya 1930, bei ya pamba, kahawa na mkonge ilipoanguka na mkulima akakosa cha kununulia hata chumvi, hesabu ya faida ilisema: rudini Bombay. Wapo waliorudi. Waliobaki walikopesha kwa daftari na kungoja, na katika miaka hiyo ya kati ya vita viwili vikuu jumuiya zetu zilijenga shule, zahanati, mahekalu na nyumba za wasafiri.

Lakini ukweli wa historia hautimii bila kusema kwamba ukaaji ule ulikuwa wa kando. Utawala wa kikoloni ulipanga watu kwa tabaka, kila kabila na hospitali yake, shule yake na mshahara wake, na sisi tukawekwa katikati: chini ya Mzungu, juu ya Mwafrika. Wapo waliokataa mpango huo kwa vitendo. Makhan Singh, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, alifungiwa zaidi ya miaka kumi kwa kudai uhuru. Pio Gama Pinto naye aliwekwa kizuizini. Wengi, hata hivyo, waliukubali kwa kuwa ulikuwa na nafuu kwao. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilikuwa imekwisha pita zamani, na jembe lilikuwa bado mkononi mwa mwenyeji.

Ndipo ukaja uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, na swali likawekwa mezani kwa maandishi. Waliozaliwa Kenya na mzazi aliyezaliwa Kenya walipata uraia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba. Hapa tunataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo hesabu yetu ilipopimwa kuliko wakati mwingine wowote.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru kulikuwa na mapinduzi ya Unguja, Januari 1964, na khofu ikavuka mkondo hadi bara. Katika nyumba nyingi jibu lililotolewa lilikuwa la kiduka: tugawe mtaji. Ndugu mmoja akaomba uraia wa Kenya, wa pili akashika pasipoti ya Uingereza, wa tatu akabaki na ya India. Kwa hesabu ya bima, mpango huo ulikuwa na busara. Meli ikizama upande mmoja, upande mwingine utaelea. Hatuwalaumu. Mwenye watoto sita na duka moja hana anasa ya kuwa na falsafa.

Gharama yake ilionekana upesi. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia akahitaji kibali cha kufanya kazi na leseni ya kuuza katika maeneo maalumu. Mwanzoni mwa 1968 uwanja wa Embakasi ulijaa familia zenye masanduku, zikikimbia kufika London kabla mlango haujafungwa. Bunge la Uingereza lilijadili sheria mpya kwa siku chache tu, na tarehe 1 Machi 1968 ikawa sheria: pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha tena kumwingiza mtu Uingereza, isipokuwa ana mzazi au babu aliyezaliwa kule. Kwa wengine waliwekewa mgao wa vocha 1,500 za wakuu wa familia kwa mwaka. Hivyo walikuwapo watu wenye pasipoti halali mkononi na wasio na nchi ya kutua, wakizungushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Wale ndugu watatu wa nyumba moja hawakukutana tena mezani kwa miaka. Bima ililipa mali, kwa kiasi. Haikulipa hilo.

Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971. Uganda ilikwenda mbali zaidi: tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na siku 90 zikahesabiwa. Pale hata raia wengi walinyang'anywa uraia wao kwa kisingizio cha karatasi, jambo linalotuzuia kusema kwamba aliyechagua vema aliokoka. Alikuwapo aliyechagua vema na akafukuzwa vilevile.

Walioondoka walikutana na ughaibuni wa pili, na ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Halmashauri ya jiji la Leicester iliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije. Walikwenda. Mwenye duka akawa mfanyakazi wa zamu ya usiku. Mama ambaye hakuwahi kuajiriwa akasimama kiwandani. Mwaka 1974 wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki waligoma katika kiwanda cha Imperial Typewriters mjini humo kwa kulipwa visivyo sawa na wenzao. Kuanzia 1976 hadi 1978 Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania, aliongoza mgomo wa Grunwick jijini London, akiwa amevaa sari katika baridi. Tunamtaja kwa fahari katika kitabu cha hekalu, kwa sababu aliyafanya ughaibuni mambo ambayo mwenyeji hufanya: alidai haki mahali alipokuwa, bila kungoja kurudi kokote. Mwaka 1995 hekalu la mawe la Neasden likafunguliwa, na wengi waliolichangia walikuwa watu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Uganda nayo ikabadilika. Akina Madhvani walirudi Kakira na akina Mehta Lugazi, na mashamba ya miwa yaliyokuwa yameingia magugu yakafufuliwa.

Waliobaki Kenya walipitia yao. Katika jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 maduka yetu ya Nairobi yaliporwa, na swali likarudi kwa kishindo. Sensa inaonyesha jinsi lilivyojibiwa kwa miaka: mwaka 1962 watu wenye asili ya Asia nchini walizidi 176,000, mwaka 2019 walikuwa karibu 90,000. Wapo pia waliopata wepesi mpya. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na Julai 2017 serikali ilitambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengine walilicheka tangazo hilo. Sisi hatukucheka, ingawa twajua kwamba kabila halifanywi na gazeti la serikali.

Ila katika takwimu za 2019 limo jambo ambalo jumuiya yetu hupenda kulipita haraka. Katika hao 90,000, karibu nusu si raia. Ndio kuhani wetu, mhasibu, mwashi, mwuguzi. Hao ndio wakaaji wa ughaibuni wa leo, na mara nyingi huketi safu ya nyuma siku ya sherehe, wakihudumia chakula cha wenyeji wao ambao babu zao waliingia kwa mlango ule ule. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ilishuka hadi karibu 160 kwa dola moja, kabla ya kurejea kwenye 130 hivi. Kwa mwenye kutuma fedha nyumbani, miezi ile ilikuwa njaa ndogo. Baadhi yao walituuliza wafanyeje, na jibu letu halikuwa moja. Aliyekuja na tarehe ya kurudi, tulimwambia aishike tarehe hiyo, amalize mkataba, asiongeze mwaka juu ya mwaka kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Huko ndiko kulikowapoteza wengi. Aliyekwisha anza kuota ndoto kwa Kiswahili, tulimwambia aombe ukaazi, alete mkewe, awapeleke watoto shule ya mtaani, aache kuhesabu kila asubuhi bei ya rupia. Kati ya hao wawili yupo anayetaka kuwa yote mawili. Huyo ndiye tunayemwogopea, maana tumeona mwaka 1968 mahali alipofikia.

Hekalu letu lina vyumba vinne vya musafirkhana, vilivyojengwa kwa ajili ya abiria walioshuka Kilindini kutoka meli za Karanja na Kampala. Meli hizo zilikoma miaka ya 1970, na vyumba sasa vimejaa viti vilivyovunjika. Mbele ya mkutano mkuu wa mwaka huu kuna pendekezo la kuvipangisha kuwa ofisi, na mapato yake kwenda kwenye mnara. Lipo la pili, nalo ndilo tunaloliunga mkono: virudishwe kuwa vya wageni, kwa wafanyakazi waliofika karibuni ambao hawajapata nyumba, na kwa mabinti wa mtaa wetu wanaorudi kutoka Ghuba usiku wa manane na kungoja basi la asubuhi la Malindi au Kwale. Mhazini ameonyesha kwamba kwa hesabu ya faida pendekezo la kwanza linashinda. Kura itapigwa Jumapili ya mwisho ya maadhimisho, baada ya aarti ya asubuhi, na wanachama wote waliolipa ada, wawe raia au wa kibali, wana haki ya kuipiga.