Mistari minne iliyorukwa

Ndugu msikilizaji, kila ninapojitambulisha hapa mjini kwamba natoka Sumbawanga, watu huanza kucheka. Mmoja ataniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Mwingine atasogea kidogo kwenye benchi, eti utani, lakini harudi pale alipokuwa. Nimekwisha kuzoea. Jina lenyewe ndilo linalotuponza. Kwa maelezo ya wenyeji, sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Watu wa nje hulisoma jina hilo kama tangazo la bidhaa inayopatikana mjini. Sisi hulisoma kama agizo kwa anayeingia: ulichobeba kiache mlangoni. Maneno ni yale yale mawili, na maana zimepishana kama mbingu na ardhi.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kusoma. Sisemi kusoma kwa kutambua herufi. Hilo watoto wetu wanalijua. Nasema kusoma kwa maana ya kufahamu kile kilichoandikwa, kiliandikwa kwa nani, na kimezungukwa na maneno gani. Wanazuoni wa Biblia wameifanya kazi hiyo kuwa elimu kamili, yenye vyuo na lugha zake za kale. Wengi wetu hudhani elimu hiyo ni ya mapadri na wachungaji peke yao. Mimi nilijifunza mapema kwamba inaweza kuwa suala la mtu kubaki nyumbani kwake au kufukuzwa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa katekista katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda milimani kwetu. Askofu wao Adolphe Lechaptois aliishi nasi hata akaandika kitabu juu ya nchi hizi, kilichotoka mwaka 1913. Wazee wetu walifundishwa dini kwa katekisimu: swali na jibu, kwa kukariri. Biblia nzima haikuwa kitabu cha nyumbani. Babu alikuwa nayo moja, Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, aliyopewa na shemeji yake, Mmoraviani wa upande wa Mbozi. Aliificha chini ya godoro. Alikuwa akiisoma usiku kwa koroboi, peke yake, bila mtu wa kumwuliza.

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka tisa. Wakati huo Kamchape walikuwa wanapita vijijini. Msikilizaji kijana huenda hajapata kulisikia jina hilo. Lilikuwa vuguvugu la kusafisha uchawi, na asili yake ilisemwa kuwa Nyasaland, Malawi ya leo. Mtangulizi wake, Mchape, alivuma huko na Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1933 na 1934. Mwanazuoni wa mila kutoka Uingereza, Roy Willis, alikuwa Ufipa katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru, na mwaka 1968 alichapisha maelezo yake juu ya Kamchape. Vijana walikuja kijijini, wakakusanya watu, wakachanja chale na kupaka dawa. Mwenye pembe au kibuyu cha siri alitakiwa akitoe. Waliambiwa kwamba atakayerudia uchawi baada ya dawa ile, dawa itamwua yenyewe. Shabaha ilikuwa kijiji kianze upya, wala si kuua mtu.

Lakini neno likishatoka mdomoni, halirudi. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, asiye na mtoto aliye hai. Nyumbani kwake walikuta kibuyu cha dawa ya tumbo, ile ile aliyotunywesha sisi watoto wa jirani. Kamchape walimchanja wakaenda zao. Kijiji ndicho kilichobaki na swali: je, aendelee kukaa nasi? Wazee wakamgeukia babu, kwa kuwa ndiye mtu wa kitabu. Babu akaingia ndani, akatoka na Biblia yake, mbele ya watu wote, akafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 18. Ni mstari mfupi sana. Unaagiza kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Akausoma mara moja, akafunga kitabu.

Hakuna aliyemwua. Walisema wamemhurumia. Alfajiri alifunga mzigo wake akateremka Lyamba lya Mfipa, kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto alilokuwa hajapata kulizoea. Sisi watoto tulimsindikiza kwa kumtupia madongoa. Nami nilitupa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuutazame mstari ule kama wanazuoni wanavyoutazama. Katika Kiebrania, neno lililofasiriwa mchawi ni mekhashefa. Ni neno la kike. Lakini neno la mzizi huo huo limetumika kwa jinsia ya kiume katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, katika orodha ya waganga, wapiga ramli na waaguzi. Limetumika tena katika Kutoka sura ya 7, kwa wachawi wa Farao walioshindana na Musa. Kwa hiyo mwandishi hakuwa na bibi kizee wa kijijini akilini mwake. Alikuwa na watu wa kazi maalumu, waliojulikana kwa kazi hiyo.

Karne kadhaa baadaye, katika mji wa Aleksandria huko Misri, Wayahudi walizifasiri sheria hizo kwa Kigiriki. Hapo waliweka neno pharmakous, lililo la ukoo mmoja na neno la dawa na la sumu, na ndilo lililozaa famasi ya siku hizi. Jerome, alipofasiri kwa Kilatini karibu na mwaka 400, aliandika maleficos, watenda maovu, kwa jinsia ya kiume. Waingereza, katika tafsiri iliyoagizwa na Mfalme James na kutoka mwaka 1611, wakarudi kwenye mchawi. Mfalme huyo mwenyewe alikuwa ameandika kitabu juu ya mashetani na wachawi mwaka 1597, wakati akitawala Uskoti.

Kabla yake, mwaka 1584, Mwingereza mmoja wa Kent aliyeitwa Reginald Scot alikuwa ameandika kitabu cha kuwatetea walioshtakiwa. Alisema neno lile la Kiebrania lamaanisha mtia sumu, na kwamba vikongwe wanaochomwa hawana hatia. Hawakumsikiliza. Wanahistoria wanakadiria kwamba Ulaya iliwaua kwa hukumu za uchawi watu kati ya 40,000 na 60,000, tangu karne ya 15 hadi ya 18, na walio wengi walikuwa wanawake. Huko Uswisi, Anna Göldi alikatwa kichwa mwaka 1782. Basi anayetucheka sisi wa Sumbawanga na akumbuke kwamba ugonjwa huu haukuzaliwa Ufipa.

Niseme kweli, wanazuoni wengi wa leo hawamfuati Scot katika hoja ya sumu. Wanasema kwa Kiebrania neno lile ni la mtu atumiaye uganga na maneno ya siri, na hatuwezi kulilainisha kwa sababu linatuudhi. Hapo ndipo elimu yenyewe inapoonyesha uungwana wake: haimpi msomaji jibu alilotaka. Lakini inamwuliza maswali mengine.

Swali la kwanza: watu wa nchi jirani walifanyaje? Mwaka 1901 na 1902 wachimbuaji Wafaransa huko Susa, katika nchi ya Iran ya leo, walikuta jiwe lenye sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyeishi zaidi ya miaka 1,700 kabla ya Kristo. Sheria yake ya pili ni ya uchawi. Mshtakiwa alipelekwa mtoni ajitose. Mto ukimchukua, mshtaki alirithi nyumba yake. Akitoka salama, mshtaki aliuawa, na mshtakiwa akachukua nyumba ya mshtaki. Wazee wetu wanaojua habari za mwavi, ile dawa ya kunywesha washukiwa, watalitambua jambo hili mara moja. Sasa tazama Torati. Haina mto kwa shtaka hili, wala haina mwavi. Inachodai, katika Kumbukumbu la Torati, ni mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa kwa kosa lo lote. Ni nani, jamani, amepata kuleta mashahidi wawili waliouona uchawi kwa macho yao?

Swali la pili ndilo kubwa zaidi: mstari huo umekaa na majirani gani? Sura ya 22 inazungumza juu ya mwizi wa ng'ombe, juu ya mali iliyowekwa amana, juu ya msichana aliyedanganywa. Kisha unakuja mstari wa 18. Ukisogea hadi wa 21, unakataza kumwonea mgeni. Ukifika wa 22, unakataza kumtesa mjane na yatima. Na hauishii hapo. Unaendelea kusema kwamba mjane akilia, Mungu mwenyewe atamsikia, na hasira yake itawafanya wake wa watesaji wawe wajane na watoto wao wawe yatima. Kati ya agizo moja na jingine ni mistari minne tu. Babu alifunga kitabu mapema mno.

Nasema hivyo bila kumdharau. Nani alikuwa amemfundisha kuendelea? Hata katika Kanisa lake, mlango ulikuwa unafunguliwa polepole. Mwaka 1943 Papa Pius wa 12 aliwahimiza wanazuoni Wakatoliki wachunguze lugha za asili na namna za uandishi wa watu wa kale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 18 Novemba 1965, ukatoa hati juu ya ufunuo wa Mungu, ikitaka waumini wote wafunguliwe Maandiko kwa upana. Hati hiyo inasema pia kwamba maana ya andiko hutafutwa kwa kutazama aina ya uandishi, na kwa kuyasoma Maandiko kama kitu kimoja. Mapadri waliosomea Kipalapala, seminari iliyoanza mwaka 1925 karibu na Tabora, walirudi vijijini wakiwa na mafundisho hayo.

Miaka michache baadaye babu aliitwa kwenye semina ya makatekista. Padri aliyefundisha, Mfipa mwenzake, alichukua sura hii hii ya 22, akamwomba mmoja wao aisome yote kwa sauti. Bahati ikamwangukia babu. Alinisimulia baadaye kwamba alipofika mstari wa 22 sauti ilimkatika, na padri akadhani ni macho ya uzee.

Aliporudi nyumbani hakuhubiri Jumapili ile. Alichukua fimbo na chakula cha njiani, akateremka Lyamba. Alikaa huko siku sita. Aliuliza kijiji baada ya kijiji, mpaka akafika mahali walipomkumbuka bibi yule kwa dawa yake ya tumbo. Walimwonyesha kaburi. Alikuwa amefariki masika iliyotangulia, kwa homa. Watu wa kule, wageni kwake, ndio waliomzika.

Kuna methali isemayo, mchawi mpe mwanao akulelee. Watu wetu huitaja kwa hila, kwa maana ya kumfunga adui kwa dhamana. Bibi yule alitulea bila kupewa dhamana yo yote, na sisi ndio tuliompa madongoa.

Huenda utasema hayo ni ya zamani. Msomi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, ameandika juu ya hesabu zilizokusanywa Tanzania Bara: kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukumani. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyokataza kumtaja mtu kuwa mchawi, ilikuwepo miaka yote hiyo. Sheria peke yake haikutosha, kwa sababu mwenye panga huwa amekwisha kusadiki kwamba yuko upande wa haki. Wengine husadiki kwa neno la mganga, wengine kwa mstari mmoja uliosomwa kwa sauti na mtu wanayemheshimu.

Kwa hiyo, wewe unayesimama mbele ya watu na kitabu mkononi, padri, mchungaji, katekista, au sisi wa redio tusomao habari, tunakuomba jambo dogo. Usifunge kitabu mapema. Mwulize aliyesoma zaidi yako neno hilo lilikuwa nini katika lugha yake, na liliandikwa kwa watu gani. Ikiwa hakuna wa kumwuliza, basi endelea mbele angalau mistari minne.

Biblia ya babu ninayo mimi. Jalada limeliwa na mchwa. Katika sura ile amechora kwa penseli mstari mmoja ulionyooka, unaotoka kwenye namba 18 kwenda namba 22, na pembeni hakuandika neno.