Anza na Mlima: Kusoma Picha za Zamani za Uvira

Mtu akiniletea picha ya zamani ya Uvira, yeye huangalia watu na nyumba. Mimi naangalia nyuma yao, mlimani. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za mji huu hadi nikastaafu, na tangu simu zianze kubeba picha, jamaa walioko Bujumbura, Nairobi, Ubelgiji na Kanada hawaachi kunitumia: "Mwalimu, hapa ni wapi?" Mara nyingi wanatafuta barabara aliyokulia mama yao, au kabare alikokuwa akinywa baba yao kila Jumamosi. Lakini jibu halianzii kwenye kabare. Kabare hufungwa, kibao hupakwa rangi upya, bati hung'olewa. Milima ya Mitumba haijahama.

Uvira ni mji mwembamba. Magharibi kuna mlima, mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na katikati imebanwa barabara kuu moja inayotoka Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu. Mito inaikata barabara hiyo ikishuka kutoka mlimani: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Kila mto umejichimbia bonde lake, na ukiwa ziwani unaona mabonde hayo kama mapengo kwenye mstari wa mlima, Kavimvira upande wa kulia na Kalundu mbali kushoto. Nikipata picha ngumu, nafunika nyumba zote kwa kipande cha karatasi, nabakiza mstari wa mlima peke yake. Kisha natoka nayo barabarani, natembea polepole mpaka pengo la kwenye picha na pengo la mlimani vikae sawa. Hapo najua aliyepiga picha alisimama karibu na wapi, hata kama hakuna ukuta mmoja uliosalia.

Baada ya mlima, jua. Kwetu jua huchomoza ziwani na kuzama nyuma ya mlima, tena mapema; mchana haujaisha, kivuli cha Mitumba kimeshafika barabarani. Kwa hiyo ukiona picha ya jua linazama juu ya maji, na milima mirefu ng'ambo, hata kama imeandikwa "Uvira" kwa wino mzuri, iliyo ndani yake ni milima yetu tu. Mpigaji alisimama Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Picha za namna hiyo ni nyingi sana. Miji hii miwili haifiki kilomita 30 kwa barabara, na familia za Wabelgiji walioishi Uvira walikuwa wakivuka mto Ruzizi kwenda kununua vitu, kucheza na kunywa. Waliporudi kwao walibandika picha zote kwenye albamu moja, na wajukuu waliozirithi hawakujua tofauti ya kando moja ya ziwa na nyingine.

Jambo hilo linaeleza pia kwa nini picha nyingi za Uvira haziko Uvira. Kadi rasmi za posta za Kongo ya Wabelgiji zenye picha zilianza kutolewa 1912, zikaenda Ulaya kwa barua. Wapentekoste wa Sweden walifika hapa 1921, nao walipiga picha za misheni na waumini wao. Wamisionari wa Saveriani kutoka Parma walikuja 1958, miaka minne kabla Uvira haijafanywa jimbo la Kanisa Katoliki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ofisi ya habari ya serikali ya kikoloni, Congopresse, ilituma wapiga picha kila pembe ya nchi. Miongoni mwao Joseph Makula, Mkongomani wa kwanza kuajiriwa nayo kwa kazi hiyo, 1956. Sehemu kubwa ya kazi yao iko Tervuren, katika jumba la makumbusho karibu na Brussels. Mtoto wa Kalundu anayetaka kuona bandari aliyobebea mizigo babu yake lazima aitafute Ubelgiji.

Picha za ofisi hiyo zina faida moja: zina maelezo. Majina ya miji yaliyoandikwa hapo ni kalenda. Bukavu iliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Usumbura ikawa Bujumbura 1962, Burundi ilipopata uhuru. Albertville ikawa Kalemie 1966. Neno "Zaïre" kama jina la nchi linakuweka kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Ila tazama mkono ulioandika. Maelezo yaliyopigwa kwa taipureta ofisini yaliandikwa picha ikiwa mpya. Ya kalamu ya mpira nyuma ya picha ya familia huenda yaliandikwa miaka 30 baadaye na mtu aliyeendelea kusema Costermansville mpaka anakufa.

Halafu kuna reli, ambayo vijana wengi hawaamini kama ilikuwepo. Baba yangu alikuwa mpakuzi bandarini, na kwetu nyumbani treni ilitajwa kama mtu wa familia. Ilitoka Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, na kutoka hapo malori yakapandisha mizigo mlimani kuelekea Bukavu. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na haikuvuka mwisho wa miaka ya 1950. Picha ya Kalundu yenye mabehewa na reli inayong'aa kwa kutumika, basi, ni ya kabla ya uhuru. Ukiona reli ipo lakini majani yamemea katikati, umeshaingia miaka ya baadaye. Na ukiona bomba la moshi la kiwanda katikati ya mashamba ya miwa, hapo ni Kiliba, kaskazini ya mji, ambako kiwanda cha sukari kilianzishwa 1956 na kufungwa 1996.

Ziwa nalo lina tarehe zake. Wageni hudhani ufuko ni kitu cha kudumu. Sisi tunajua haudumu. Kila mwaka maji hupanda kwa mvua, yakafika juu kabisa karibu na Mei, kisha hushuka hadi Oktoba. Juu ya pumzi hiyo ya mwaka kuna mabadiliko makubwa zaidi. Katika karne ya 19, mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulipokuwa umezibika, maji yalifika karibu mita 10 juu ya kiwango cha kawaida cha leo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ulifunguka na ziwa likashuka. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, Aprili 1858, hawakukanyaga ufuko huu tunaoujua. Baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961 maji yalipanda tena, yakafika kilele chake cha karne ya 20 Mei 1964. Mwezi huohuo waasi wa Simba waliuteka mji. Kwa hiyo picha yenye maji yaliyoingia kwenye nyumba za ufukweni na vijana wenye silaha barabarani haihitaji maelezo nyuma yake. Miaka ya 2020 maji yamepanda tena kukaribia alama hiyo na kuzamisha gati la Kalundu, hivyo picha ya ufuko uliofurika sasa ina vipindi viwili vya kuigombania. Hapo unatafuta nguzo za umeme na minara ya simu.

Mlima, jua, majina, reli na maji vikishasema, ndipo naingia kabare.

Kwanza ujue kabare ipi ilipigwa picha na ipi haikupigwa. Wakati wa ukoloni palikuwa na unywaji wa aina mbili. Wazungu walikuwa na hoteli na klabu zao, zenye vitambaa vya meza na bilauri za mvinyo. Mwafrika aliruhusiwa bia. Mvinyo na pombe kali alikatazwa kwa muda mrefu wa utawala huo. Aliyetaka kitu kingine alikwenda kwa mama aliyepika kasiksi ya ndizi nyuma ya nyumba, akanywa na majirani kwenye kibuyu. Nyumba hizo hazikuwa na kibao, na Congopresse haikutumwa kuzipiga picha. Ndiyo maana mitaa ya zamani ya unywaji ya Uvira, kwa sehemu kubwa, iko vinywani tu.

Baada ya uhuru kabare zikapata vibao, na wanywaji wakapata wapiga picha wa mitaani. Ninayo picha moja ya aina hiyo mezani. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, imekatwa kingo kwa mkasi wa mawimbi. Wanaume wawili wamekaa kwenye viti vya mbao, mmoja amevuka miguu. Mezani kuna chupa tatu za Primus na sahani ya ndagala wa kukaanga. Ukuta ni mweupe, chini umepakwa rangi nyeusi mpaka magotini kuficha matope. Juu yao kibao kinasomeka "CHEZ MA", kisha mti wa mwembe unafunika kilichobaki. Mstari wa mlima unaonekana juu ya bati, na ukuta wa mbele uko kivulini wote. Nyuma imeandikwa "Souvenir d'Uvira", hakuna tarehe.

Chupa hazinisaidii. Primus ilitengenezwa Bukavu na vilevile Bujumbura, ambako kampuni ya bia ya Brarudi ilianzishwa 1955. Bia ya ng'ambo imekuwa ikivuka Ruzizi kwa njia zake. Lakini mlima juu ya bati unaonyesha kwamba kabare ilikuwa upande wa juu wa barabara, imetazama ziwa. Kivuli mbele kinaonyesha ni alasiri. Pengo lililo pembeni mwa bati ni la Mulongwe. Na wanaume wamevaa abakosi, vazi ambalo Rais Mobutu alilisukuma badala ya suti na tai tangu mwanzo wa miaka ya 1970.

Niliipeleka kwa mama mmoja aliyeuza ndagala barabara hiyo tangu ujana wake. Hakukiangalia kibao.

"Hapo ni kwa Mgiriki, Mwalimu. Mimi nilikuwa nakaa ng'ambo ya barabara. Jua la asubuhi lilikuwa linaniunguza mgongo mpaka saa tano."

Mgongo wake ulielekea ziwani, uso wake kabare. Maneno yake yanakubaliana na mlima. Lakini mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alikataa kabisa.

"Mgiriki gani? Hapo ni kwa Mama. Hata mkopo alikuwa anatoa."

Waligombana mbele yangu, na wote wawili walikuwa na haki. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinakabidhiwa kwa raia. Maduka na baa za Wagiriki na Wahindi zilibadilisha wamiliki kwa muda mfupi, na vibao vikafuata. Mama wa ndagala alikuwa anaitaja kabare kwa mmiliki wa kwanza, dereva kwa mmiliki wa pili. Kibao chenye "MA" kinakwenda na "Maman", na abakosi zinakubali. Nikaandika nyuma ya nakala: upande wa mlima, karibu na Mulongwe, baada ya 1973, na chini yake nikaandika nani alisema nini, kwa kazi zao, bila kufuta lolote.

Kuna watakaosema ni kazi ya wazee wasio na shughuli, kujua Mgiriki alikuwa akiuza bia wapi. Watazame ng'ambo. Tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi, alipigwa risasi akiwa kwenye mgahawa wa Hoteli Tanganyika, Usumbura. Mtu akikosea kuitambua picha ya veranda hiyo, amekosea mahali ambapo historia ya nchi nzima iligeuka. Mpiga picha wa watu wanaokunywa hajui kesho patatokea nini pale alipoelekeza kamera.

Na kwetu hapa kuna sababu nyingine tangu Aprili 2020. Usiku wa mafuriko, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake, ukaua watu makumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Mawe makubwa yalikaa pale palipokuwa na barabara. Baada ya hapo walioanza kuniletea picha hawakuwa tena wanatafuta kumbukumbu za baba. Walitaka kuonyesha kiwanja chao kilianzia wapi: mti fulani, pembe ya ukuta wa shule, kabare ya jirani. Kabare iliyokuwa kichekesho cha mtaa ikawa alama ya mpaka.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wengine ni walimu, wengine makarani wa kata, wafanye hivi. Chukua picha za nyumbani sasa, kabla hazijaloa. Piga nakala kwa simu, pande zote mbili, pamoja na maandishi ya nyuma. Nenda nazo kwa waliouza barabarani: wauza ndagala, mafundi baiskeli, madereva, maana wao walitazama upande mmoja wa barabara kwa miaka. Kwa wenye kabare nenda baadaye, kwa sababu kila mmoja atasema yake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Andika majibu yote, hata yanayogombana. Halafu peleka nakala moja parokiani au shuleni, sehemu iliyo juu ya mstari ambao ziwa lilifika 1964.