Ukoo wa Napier na ardhi za wengine

Mwaka 1843 ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliiongezea Uingereza nchi mbili. Charles Napier aliiteka Sindh, kusini mwa Pakistan ya leo, kwa mapigano mawili makubwa ya Februari na Machi. George Napier, gavana wa Rasi ya Tumaini Jema, alitangaza mwezi Mei kwamba Natal ni koloni la Waingereza. Ndugu yao William hakwenda vitani safari hiyo, bali alishika kalamu: miaka miwili baadaye alikuwa akichapisha historia ya kutekwa kwa Sindh, akimtetea kaka yake mbele ya waliosema vita vile vilikuwa dhuluma.

Anayetaka kuielewa familia ya namna hii asianzie vitani, aanzie kwenye mirathi. Kwa wenye mashamba wa Uingereza, ardhi na nyumba kuu havikugawanywa. Vyote vilikwenda kwa mwana wa kwanza wa kiume. Kwa msomaji wa pwani, aliyezoea kila mrithi apate fungu lake, desturi hii ni ya ajabu, na matokeo yake yalifika mbali sana. Wadogo walibaki na jina la ukoo, malezi ya kitajiri na marafiki wa baba, lakini hawana hata shamba moja. Ilibidi watafute riziki kanisani, kwenye sheria au jeshini.

Jeshini penyewe hapakuwa pa kila mtu. Hadi 1871 cheo kilinunuliwa. Bei rasmi ya cheo cha chini kabisa cha ofisa katika kikosi cha kawaida cha miguu ilikuwa pauni 450, na ya luteni kanali pauni 4,500. Majeshi ya Kampuni ya Uhindi Mashariki hayakuuza vyeo, ila kijana alihitaji kupendekezwa na mkurugenzi wa Kampuni, yaani ajulikane kwao. Ndiyo maana majina yaleyale hujirudia kizazi hadi kizazi katika orodha za maofisa na magavana.

Majina hayo yana vitabu vyake. John Burke alitoa kitabu cha nasaba za malodi mwaka 1826, kisha kati ya 1833 na 1838 akatoa juzuu nne za koo za wenye mashamba wasio na ulodi. Humo kila mtu ana mstari wake: kazaliwa lini, kaoa nani, kafia wapi. Mtu akisoma polepole ataona jinsi waliofia Uhindi na Afrika wanavyozidi kadiri anavyoshuka kwa wana wadogo.

Kina Napier walikuwa na asili ya kujivunia. Babu yao John Napier wa Merchiston, Uskoti, ndiye aliyetangaza logarithimu mwaka 1614, na mwanawe akapewa ulodi mwaka 1627. Lakini mlolongo huo, unaoonekana kuwa wa wanaume watupu, ulipita kwa wanawake. Francis, aliyerithi ulodi mwaka 1706, kwa baba alikuwa Scott. Aliupata kwa bibi yake mzaa mama, akachukua na jina la Napier. Mmoja wa wanawe wadogo, Kanali George Napier, alimwoa Sarah Lennox, kitukuu cha Mfalme Charles wa Pili kwa mtoto wa nje ya ndoa. Wazazi hao walikuwa na damu ya kifalme na mfuko mwepesi. Charles, mwana wao mkubwa, aliandikishwa uofisa mwaka 1794, hata miaka 12 hajatimiza.

Ndugu hao walilipa kwa miili yao, na hilo lisemwe kwa haki. George alipoteza mkono wa kulia Hispania mwaka 1812. Charles alijeruhiwa na kutekwa Corunna mwaka 1809, na nyumbani wakamlilia wakidhani amekufa. Hata hivyo mtu huyo huyo, kabla ya vita vya Sindh, aliandika katika shajara yake kwamba Waingereza hawana haki ya kuichukua nchi ile na kwamba wataichukua tu. Aliichukua, akapata fungu lake la nyara, makumi ya maelfu ya pauni, na ugavana juu yake. Mimi namhukumu kwa sentensi hiyo, maana alijua.

Alipokuwa mtawala wa kisiwa cha Cephalonia, Ugiriki, alizaa mabinti wawili, Susan na Emily, na mwanamke Mgiriki aitwaye Anastasia, bila ndoa. Mabinti aliwalea mwenyewe, na wakaolewa na maofisa. Mume wa Emily alikuwa mtoto wa George, binamu yake, kwa hiyo Anastasia ni bibi wa kina Napier waliofuata, ingawa ukoo haukuwahi kumpa cheo cha mke.

Na upande wa pili wa vita? Pale Dubba, karibu na Hyderabad ya Sindh, tarehe 24 Machi 1843, miongoni mwa walioongoza jeshi la Mir Sher Muhammad Talpur alikuwa Hoshu Sheedi, mtu wa asili ya Afrika aliyekulia katika utumishi wa nyumba ya Talpur, watawala wa Sindh. Alipigana hadi kufa, na wito wake kwamba Sindh haitatolewa unarudiwa mpaka leo. Masheedi wenzake, ambao wazee wa wengi wao walivushwa utumwani kutoka pwani yetu kupitia Muscat, wangali wanaishi Karachi na Sindh ya chini, wanapiga ngoma na kucheza goma kwenye ziara ya Manghopir. Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani akawa mwanamke wa kwanza wa Kisheedi kuingia katika Bunge la Sindh. Ameeleza hadharani kuwa wazee wake walitoka Tanzania.