Droni, helikopta na swali la nani atalipa

Leo naweka programu kando tuzungumze historia kidogo.

Siku hizi huku Litein harusi bila droni haijakamilika. Kwenye mikutano ya siasa ndiyo usiseme: droni ya mpiga picha iko juu, na mheshimiwa anashuka kwa helikopta katika uwanja wa shule. Mbili hizo zikigongana, nani atajibu?

Swali hili ni la zamani kuliko droni. Sheria ya Kiingereza ilimhesabu mwenye shamba kuwa mwenye anga iliyo juu yake pia. Ndege zilipozidi, Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1920: huwezi kushtaki kwa sababu tu ndege imepita juu ya shamba lako kwa urefu unaofaa. Lakini kitu kikianguka na kuharibu mali yako, mwenye ndege atalipa, hata usipothibitisha uzembe wake. Nipishe nipite, nikivunja nalipa.

Mwaka 1944 ukaja Mkataba wa Chicago. Kifungu cha 8 kilikataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Naona hekima hapo. Rubani aliye ndani anaogopa kugongana kwa sababu naye atakufa. Mwenye rimoti anapoteza mashine tu, kisha anaweza kwenda zake.

Kenya tulianza kwa kukataza. Januari 2015 mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, ilitangaza kwamba hakuna kurusha droni bila kibali. Kanuni zikatoka 2017, Bunge likazifuta 2018. Zilizosimama ni za Machi 2020: droni isajiliwe, isipite futi 400 (kama mita 120), na bila ruhusa isikaribie kiwanja kikubwa cha ndege ndani ya kilomita 10, au kidogo ndani ya kilomita 7.

Mwanaprogramu ataona pengo mara moja. Kipimo kinaanzia kiwanja cha ndege, kama Kerenga kule Kericho, ambacho kiko mbali na sisi. Helikopta inayotua uwanja wa shule inapita humo humo ndani ya futi 400.

Tazama visa viwili. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa zaidi ya siku nzima kwa taarifa za droni. Abiria 140,000 hivi walikwama. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Januari 2025, Los Angeles, droni ilitoboa bawa la ndege iliyokuwa ikizima moto wa msituni. Mwenye droni alipatikana, akakiri kosa na kukubali kulipa gharama.

Tofauti ya visa hivyo ni jina. Fidia haidaiwi kwa mashine, hudaiwa kwa mtu, na sheria bila jina ni kama mfumo usio na nywila: kila mtu anaingia, hakuna anayejulikana.

Basi ndugu mpiga picha, sajili droni yako, na ukisikia helikopta ishushe mara moja. Rubani hakioni hicho kidude chako. Nanyi waandalizi wa mikutano, andikeni nani anarusha nini kabla mheshimiwa hajafika. Daftari la shilingi hamsini latosha.