Ufaraguzi na Ulaghai wa Soko: Bob na Ray katika Historia ya Futuhi ya Redio

Kuna aina ya futuhi inayosikika mara kwa mara siku hizi katika podikasti za Marekani na Uingereza. Waigizaji wawili au watatu huketi mbele ya maikrofoni bila mswada, wakajivika nafsi za wakurugenzi wa masoko waliokubuhu kwa ulaghai, kisha wakayaacha mazungumzo yawapeleke yatakako. Mmoja anauza dawa isiyotibu, mwenziwe anamsaidia kuficha hesabu, na wa tatu anatafuta jina tamu la kuuita wizi wenyewe. Wanaozisifu podikasti hizi hutaja mambo mawili: kwamba utanzu huu ni mpya, na kwamba kwa kuwa hauna mswada, basi uko huru. Makala haya yanakusudia kuyapinga madai yote mawili. La kwanza halihitaji jasho jingi. La pili ndilo zito, kwa sababu linagusa imani ambayo sisi wenyewe, wahakiki wa fasihi simulizi, tumeilea kwa muda mrefu: kwamba neno lililofaraguliwa ni neno lisilo na bwana.

Hoja ya Albert Lord katika The Singer of Tales (1960) inafahamika: manju hatungi kutoka hewani, bali hutunga papo kwa papo kwa kutumia kanuni alizozirithi. Ruth Finnegan naye, katika Oral Literature in Africa (1970), alisisitiza kwamba kazi simulizi haiwezi kueleweka nje ya utendaji wake na hadhira yake. Kwa hiyo, tunapomsikia mfaraguzi wa futuhi, swali la kwanza si kama ana mswada au hana. Swali ni kanuni gani anazifanyia kazi, na nani aliyezitunga kabla yake. Katika utanzu tunaouzungumzia, kanuni hizo zilitungwa na wauzaji.

Kufikia miaka ya 1940 tangazo la biashara la redio nchini Marekani lilikuwa limekwisha kuwa utanzu wenye muundo uliokomaa: taabu ya nyumbani, mwokozi aliyetiwa ndani ya chupa au pakiti, ushuhuda wa mama jirani, bei, na anwani ya kutumia pesa. Nguvu yake haikuishia kwenye dakika zake. Mawakala wa matangazo ndio waliokuwa wakitengeneza vipindi vingi kwa niaba ya wadhamini, na tamthilia za mfululizo za mchana zikaitwa kwa jina la sabuni zilizozidhamini. Msikilizaji aliyewasha redio yake aliingia dukani bila kujua kuwa amevuka kizingiti.

Humo ndimo walimotokea Bob Elliott (1923-2016) na Ray Goulding (1922-1990). Mwaka 1946 wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kituo cha WHDH mjini Boston, mmoja akiendesha kipindi cha muziki, mwenziwe akisoma habari. Baada ya kusoma habari Ray hakutoka studioni. Alibaki wakipiga soga hewani. Kituo hicho kilikuwa kikitangaza michezo ya besiboli, na mvua iliponyesha mchezo ukaahirishwa, ilibidi muda ujazwe. Wakaitwa wao. Kipindi chao cha kawaida, Matinee with Bob and Ray, kilizaliwa katika mwanya huo, na mwaka 1951 kampuni ya NBC ikawachukua hadi New York. Naona ni muhimu kwamba sanaa yao ilianza kama kiraka. Muda waliopewa ulikuwa muda ambao hakuna mdhamini aliyekuwa ameupangia neno.

Walichokifaragua ndani ya muda huo kilikuwa, kwa sehemu kubwa, biashara yenyewe. Walikuwa na ghala la kubuni lililojaa bidhaa zisizonunulika, na kila siku walijaribu kumsukumizia msikilizaji shehena mpya. Kulikuwa na sungura wa chokoleti waliowekwa karibu mno na moto, wakapoteza sura, wakauzwa kwa jina lililoifanya hasara ionekane kuwa ubunifu. Kulikuwa na sweta zilizotariziwa herufi O, na mnunuzi ambaye jina lake halikuanza kwa O aliahidiwa kuwa atasaidiwa kulibadili jina. Kampuni ya karatasi ya kunasia nzi ilijisifu kwa kuaminika polepole, vizazi vitatu vilipita ndipo watu wakaizoea. Kiwanda cha chuma nacho kilitangaza miche mizito ya chuma, na kudai kwamba ilisubiwa kwa kumfikiria mama wa nyumbani.

Tashtiti hii haifanyi kazi kwa kutia chumvi kama tulivyozoea kusema tunapofundisha tashtiti. Sauti za Bob na Ray hazipandi. Wanauza takataka kwa adabu ileile, kwa kasi ileile, kwa upole uleule ambao tangazo halisi lingetumia dakika moja baadaye. Muundo wa kanuni unabaki mzima. Kilichobadilika ni kitu kilichotiwa ndani yake. Hapo msikilizaji anagundua kwamba muundo ule ungebeba chochote, na kwamba haujawahi kumwambia lolote kuhusu bidhaa. Mwandishi wao wa habari, Wally Ballou, daima aliwashiwa maikrofoni kwa kuchelewa, hivyo jina lake likasikika nusu. Kosa hilo dogo ni fani kamili: linaonyesha kuwa kuna mtu anayewasha na kuzima, jambo ambalo redio ya kibiashara ilijitahidi lisikumbukwe.

Kashfa ya mashindano ya maswali ya televisheni inatuonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kipindi cha Twenty-One kilianza mwaka 1956 katika NBC, kikidhaminiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu. Watazamaji waliamini kuwa wanaona akili ikifanya kazi mbele yao. Tarehe 2 Novemba 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyejipatia dola 129,000 katika mashindano hayo, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu mapema. Mpinzani wake, Herbert Stempel, alikuwa ameamriwa kushindwa. Zaidi ya majibu, walifundishwa kusita: wakati wa kunyamaza, wakati wa kuuma mdomo, namna ya kupangusa jasho. Mwaka 1960 Bunge likapitisha sheria ya kuharamisha udanganyifu wa namna hiyo.

Mhakiki anapaswa kusimama hapa kidogo. Wakati waigizaji wa futuhi walikuwa wakifaragua na kujifanya wauzaji wenye mswada, wauzaji walikuwa na mswada na kujifanya wanafaragua. Soko lilikuwa limetambua thamani ya kusita. Lilijua kwamba binadamu humwamini anayetafuta neno kuliko anayelijua, na likainunua alama hiyo ya ukweli kama linavyonunua kitu kingine chochote. Tukiendelea kushikilia kwamba ufaraguzi ni dhamana ya uhuru, itatubidi tueleze ni kwa nini ishara zake zote zilipatikana ndani ya kibanda cha kioo kilichogharimiwa na dawa ya chupa.

Bob na Ray wenyewe hawakubaki nje ya kibanda. Mwaka 1955 wakala wa Young & Rubicam aliwaajiri watoe sauti za Bert na Harry Piel, ndugu wawili wa kuchorwa waliodaiwa kuwa wenye kiwanda cha bia ya Piels cha Brooklyn. Bert, aliyeigizwa na Ray, alikuwa mfupi, mwenye makelele, muuzaji asiyeweza kunyamaza. Harry, sauti ya Bob, alikuwa mrefu na mpole, akijaribu kumtuliza. Mwandishi wa matangazo hayo alikuwa Ed Graham, na baadaye watatu hao walianzisha kampuni yao ya kutengeneza matangazo. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara mpayukaji waliyekuwa wakimcheka alilipwa mshahara na mfanyabiashara. Watu waliyapenda matangazo hayo kuliko vipindi vingi, lakini kampeni iliondolewa mwaka 1960. Katika masimulizi ya watu wa kazi hiyo, Bert na Harry wamebaki mfano wa tangazo zuri lililowafanya watu waonje bia mara moja, wakaijua ladha yake, wasiinunue tena. Sina njia ya kupima ukweli wa masimulizi hayo, ila nakiri kwamba yananifurahisha.

Je, tashtiti ilikuwa imenunuliwa? Jibu la haraka ni ndiyo, na kuna ushahidi mwingine unaoelekea kulitia nguvu: kuanzia katikati ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya vichekesho vyao iliandikwa na Tom Koch, aliyewapelekea miswada ambayo wasikilizaji waliichukua kuwa soga za papo hapo. Kumbe nao walisita kwa mswada! Hata hivyo sioni kwamba wao na Van Doren ni kitu kimoja. Kusita kwa Van Doren kulikusudiwa kuficha mkono wa mdhamini, ilhali kusita kwa Wally Ballou kuliuanika. Mwaka 1954, seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwatisha watu katika vikao vilivyoonyeshwa na televisheni, Ray alimwingiza katika mchezo wao wa mfululizo mhusika aliyeitwa Kamishna Carstairs, mwenye sauti na vitisho vya seneta yule. Ilitendeka wakati ambapo wadhamini wengi waliogopa hata kulitaja jina lake. Kwa hiyo kipimo tunachokihitaji kinahusu kazi ambayo kusita kunafanya mbele ya hadhira. Kuwepo au kutokuwepo kwa karatasi hakutufikishi mbali.

Suala hili si la ng'ambo peke yake. Vitimbi na Vioja Mahakamani, futuhi ambazo kizazi kizima cha Wakenya kilikua nazo, zilitoka katika shirika la utangazaji la serikali. Aliyelipia muda alikuwa dola badala ya sabuni. Tumeandika kuhusu lugha ya vichekesho hivyo na wahusika wake. Kuhusu mwenye muda tumeandika kidogo.

Katika podikasti tulizoanza nazo, mambo yamerudi karibu pale yalipokuwa Boston, kwa tofauti moja. Mdhamini wa leo mara nyingi hampi mwigizaji tangazo lililoandikwa neno kwa neno. Humpa vidokezo, akamtaka aseme kwa maneno yake, kwa mzaha wake, kana kwamba anamwambia rafiki. Mwigizaji aliyekuwa mkurugenzi mlaghai nusu dakika iliyopita huanza kusifu godoro au huduma ya benki kwa sauti ileile, na wenzake humchombeza. Mara nyingi hakuna mlio wa kutenga sehemu hizo mbili. Mtafiti anayenukuu podikasti hizo kwa ajili ya tasnifu hushawishika kuyakata matangazo ili abaki na futuhi tupu. Ningemsihi asiyakate, na katika nakala yake aandike kila kicheko mahali kilipoangukia.