Julai ya Nairobi: Nani Aliruhusiwa Kuota Moto?

Nairobi ina baridi hadi kwenye jina lake. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, wajenzi walipiga kambi kando ya kinamasi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mpaka leo, mtu akitoka Mombasa na basi la usiku mwezi wa saba, anashuka tao asubuhi akidhani kuna mtu amesahau kufunga friji.

Sasa tuko kwenye msimu wenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti jua linaweza kujificha siku nyingi mfululizo, usiku nyuzi zinashuka hadi 11 au 12, na kila creator ana orodha ya sehemu poa za kujipasha moto. Mimi pia nimetengeneza video hizo, wasee. Moto wa kuni ukutani, taa za manjano, chokoleti moto, shuka la Kimaasai limetandikwa kwenye kiti. Watu wanapenda, watu wanashea. Lakini kuna swali ambalo orodha zetu huruka: hilo joto lilikuwa la nani?

Nauliza kwa sababu historia ya mahali pa kuketi na kuota moto Nairobi ni historia ya mlango. Nani anaingia, nani anabaki nje, na nani anasimama katikati akiamua. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya kukuonyesha. Lakini ukitembea tao ukiwa umefungua macho, mji wenyewe unafundisha.

Tuanze na Norfolk. Hoteli ile ilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1904, mji ukiwa na umri wa miaka mitano tu. Walowezi walitoka mashambani na farasi na mikokoteni, wakafika pale kula, kunywa na kulala. Makabaila wa Kiingereza walikuwa wengi hadi pakapewa jina la utani, Nyumba ya Malodi. Stanley nayo ilikuwa ya miaka hiyo hiyo. Ukisoma kumbukumbu za walowezi utaona walipendana sana na hizi hoteli: kuna baridi nje, kuna moto ndani, kuna kinywaji mkononi. Mwafrika alikuwa ndani pia, sitakudanganya. Alikuwa amebeba trei.

Mwaka ambao nataka tukae nao kidogo ni 1922.

Machi mwaka huo serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipinga kodi, kazi ya lazima na kipande, ile karatasi ya utambulisho ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alichofungiwa, karibu kabisa na Norfolk. Tarehe 16 polisi walifyatua risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, akiwemo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewaambia wanaume kwamba kama wanaogopa basi wachukue nguo yake wao wampe suruali zao. Na walioshuhudia walisimulia kwamba baadhi ya Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk walijiunga kufyatua. Veranda. Mahali pa kunywea.

Mwaka huo huo ndipo kampuni ya Kenya Breweries ilipoanzishwa. Desemba 1922 bia yake ya kwanza ilipelekwa Stanley, masanduku kumi. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo sababu Tusker ina ndovu kwenye chupa. Hii hadithi ya ndovu wengi mnaijua. Ile ya masanduku kumi ina kitu kingine ndani yake: bia tunayoiita yetu, ambayo tangazo lake linakufanya ujisikie mzalendo, ilizaliwa katika nchi ambayo mwenyeji wake alikatazwa na sheria kuinywa. Pombe ya chupa ya Kizungu haikuwa ya Mwafrika. Katazo la bia lililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na pombe kali ikasubiri hadi miaka ya 1950. Piga hesabu. Karibu robo karne Tusker iko mezani na wewe huruhusiwi kuishika ila kumpelekea mwingine.

Sasa hao wengine walikunywa wapi? Miaka hiyo ya 1920 manispaa ilijenga Pumwani kuwa mtaa wa Waafrika, na humo ikafungua jumba la pombe lake yenyewe. Mfumo uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini. Baraza la mji ndilo pekee lenye ruhusa ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Wewe ukipika nyumbani, ni kesi. Faida inaingia kwa mfuko wa kugharamia huduma za Waafrika. Kwa maneno mengine, mtu wa Pumwani alilipia huduma za mtaa wake kwa kunywa, halafu mama jirani aliyepika busaa yake kwa sufuria akapelekwa kortini kwa kuharibu biashara.

Lakini mahali penye joto la kweli hapakuwa kwenye jumba la manispaa. Palikuwa kwenye vyumba vya wanawake. Nairobi ya wakati huo ilitaka wanaume tu, vibarua waje, wafanye kazi, warudi kwao. Nyumba za familia hazikujengwa. Kwa hivyo mtu aliyetoka kubeba mizigo stesheni, amenyeshewa, alienda Pangani au Pumwani kwa mwanamke aliyekuwa na chumba. Pale alipata chai, chakula, maji moto ya kuoga, mtu wa kuongea naye kwa lugha ya kwao. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima kuhusu wanawake hao. Ndiyo, wengi waliuza mapenzi pia, na najua wapo watakaosimama hapo tu. Lakini waliuza nyumbani kwenye mji uliokataa kumpa Mwafrika nyumbani. Na pesa zao walizijengea nyumba zao wenyewe, wakawa na wapangaji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya mji ikaibomoa Pangani ya zamani, watu wakahamishwa. Unapoona kibanda cha mama wa chai kikivunjwa na kanjo saa kumi na moja alfajiri, ujue hiyo tinga ina mababu.

Kisha vita vikaja. Vijana kutoka kote Kenya walipelekwa na King's African Rifles kupigana na Wajapani msituni Burma mwaka 1944. Waliorudi walikuwa wameona dunia na wameona Mzungu akiogopa, akilia, akifa kama mtu mwingine yeyote. Leo kuna soko Nairobi linaitwa Burma, upande wa mashariki wa mji, na ukienda huko Jumamosi yenye baridi utapata moshi wa nyama kabla hujaona soko lenyewe. Unachagua mbavu buchani, zinapimwa, zinachomwa, zinaletwa kwenye ubao na chumvi pembeni, kachumbari na ugali. Hakuna anayekuuliza umevaa nini.

Kuelekea uhuru, milango ya hoteli kubwa ilianza kufunguka. Thorn Tree ya Stanley ilianza 1959, mkahawa wa wazi kando ya barabara wenye mti wa mgunga katikati, na wasafiri walibandika barua zao kwenye ule mti: nimefika, nimeondoka, nitafute Arusha. Ilikuwa WhatsApp ya wakati ule. 1963 bendera ikapanda, na kwa sheria hakuna tena hoteli ya Mzungu.

Na sheria za nani anywe nini? Hizo tulizirithi, hata rangi hatukubadilisha. Mwaka 1980 Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mama wa Mathare akaendelea kukimbizwa vilevile, tofauti ni kwamba anayemkimbiza sasa anaongea lugha ya mama yake. Miaka 30 ilipita kabla ya sheria ya vileo ya 2010, ile tunaiita ya Mututho, kuihalalisha kwa masharti. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoweka saa za baa, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Sisemi chang'aa ni chai. Watu wamepofuka, watu wamekufa. Nasema angalia ni nani polisi wanamtafuta kila mara, na ni nani analetewa bili kwa ngozi nyekundu.

Kahawa nayo ina mlango wake. Kwa miaka mingi ya ukoloni mkulima Mwafrika wa Kati alizuiwa kuipanda, akaruhusiwa kuichuna tu kwenye shamba la mlowezi. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Java House ya kwanza ilifunguliwa Adams Arcade mwaka 1999, na kizazi cha wazazi wetu kikaanza kuketi chini kunywa kitu ambacho shosho zetu walikijua kwa vikapu na mikono yenye mikwaruzo. Shosho yangu alichuna kahawa Kiambu ujana wake wote, na nyumbani kwake mpaka leo utapewa chai. Kahawa ilikuwa kazi, haikuwa kinywaji.

Najua kuna mtu atasema, wewe unaharibu vibe, mtu anataka tu mahali pa kukaa na mpenzi wake Ijumaa, siasa za 1922 za nini? Sawa. Basi tukumbushane Machi 2015, wakati mkahawa mmoja Kilimani ulipopatikana unawazuia Waafrika kuingia jioni. Nchi ilichemka, na mkahawa ukafungwa kwa kukosa leseni. Sikiza hapo vizuri: kilichoufunga ni makaratasi. Na ile ishara ya kwamba wenye mkahawa wana haki ya kuchagua anayeingia bado iko kwenye milango mingi tao. Baunsa anakuangalia viatu kwanza. Msichana aliyekuja peke yake anaulizwa anamsubiri nani. Kijana wa Kayole anaambiwa pamejaa, na nyuma yake gari linaingia.

Kwa hivyo Julai hii, enda kokote roho inapenda. Enda Norfolk ukinywe chai kwenye ile veranda, kwa kweli enda, na ukiwa pale geuka uangalie upande wa kituo cha polisi ukumbuke Muthoni Nyanjiru. Enda Thorn Tree. Enda Burma, au Kenyatta Market, au uketi kwenye benchi la mama wa supu Gikomba, kikombe moto kwa mikono miwili, pilipili ikikutoa kamasi. Wengi huko wataweka jiko la makaa karibu na miguu yako, lile la bati lenye udongo ndani lililoenea kuanzia miaka ya 1980 kutoka kwa mafundi wa jua kali, na linabana makaa kuliko lile la zamani. Hakikisha tu pana hewa. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua mtu kimya kimya.

Na kabla ya kupiga picha, fanya kitu kimoja. Angalia mlangoni. Angalia nani amezuiliwa, halafu angalia nani amekuletea chai, na kama yeye angeruhusiwa kuketi hapo ulipo siku yake ya mapumziko. Pakiwa na joto ambalo aliyeliwasha hawezi kuliota, mimi hapo sipaweki kwenye orodha yangu. Mji huu tayari una baridi ya kutosha.